Daftari la Toader

Ilipofika wiki ya tatu ya kazi, Corneliu Băncilă alikuwa ameshaamini kwamba kuna mtu anamhujumu. Ushahidi hakuwa nao. Alikuwa na macho yake tu, na hayo ndiyo yaliyomlisha kwa miaka arobaini.

Kila alasiri wakuu wa kazi waliingia chumba cha maonyesho cha studio, nje kidogo ya Bucharest, kutazama picha za jana zilizoletwa kutoka maabara. Na kila alasiri Corneliu aliona giza. Uso wa binti wa mfalme, ambao yeye aliumulika uwe wa asubuhi, ulitoka wa magharibi. Mapazia meupe yalikuwa na rangi ya chai. Kisha taa ziliwashwa, na mwongozaji, bibi wa Kifaransa aitwaye Odile Marchand, asiyependa kupoteza maneno, akamgeukia na kusema kwamba ni nzuri mno. Răzvan, kijana wa mjini aliyesimamia uzalishaji, akapiga makofi mawili matatu ya adabu.

Nzuri kwa lipi? Corneliu alitoka na kusimama kwenye korido akiwasha sigara, akijiuliza wale watu wanamwonea haya, wanamcheka, au wameshakubaliana jambo lao. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Kampuni ileile iliyoleta kazi hii ilikuwa inatafuta mpigapicha mkuu wa filamu kubwa itakayoanza Ureno majira ya kuchipua, na ilikuwa imemwambia kinagaubaga: tutatazama unachofanya hapa, kisha tutaamua. Hiyo ndiyo ingekuwa ya mwisho kubwa maishani mwake, alijua. Akiikosa, angebaki mzee wa koti la ngozi anayewasimulia wahudumu wa mikahawa habari za jangwa la Moroko.

Na lazima ufahamu jina lake lilisimama juu ya nini. Ujanani mwake studio ya serikali ilikuwa na vipimamwanga vitatu kwa vikosi kumi na kimoja, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vibovu. Corneliu akajifunza kupima mwanga bila kifaa. Alinyoosha kiganja, akafumba macho nusu, akataja namba. Mipaka ilipofunguka akaenda Moroko, Uskoti, Kanada, na wapigapicha wa huko, waliovaa vipimamwanga shingoni kama nishani, walimcheka siku ya kwanza. Siku ya pili walimjaribu. Alitaja namba, wakapima, ikawa ileile. Magazeti ya kazi yao yaliandika kurasa nzima juu ya jicho la Băncilă. Basi walilipia jicho, naye aliliuza jicho, na hakuna aliyelalamika.

Kwanza alishuku maabara. Alikwenda mwenyewe, akagomba, akaambiwa kwa upole kwamba filamu iliyosafishwa haina dosari hata moja, na kama Maestro, ndivyo walivyomwita, anataka kuona, aone. Akaona giza lilelile. Akashuku taa. Aliwaambia mafundi umeme kwamba taa za siku hizi zinatoa mwanga wa njano kama mkojo wa farasi, wakabadilisha balbu, akasema bado, wakabadilisha tena, wakatazamana. Kule kutazamana hakukupenda. Mtu aliyelelewa katika nchi ile anajua maana ya watu kutazamana.

Ukishaondoa maabara na taa, anabaki mtu mmoja tu kati ya jicho la Corneliu na filamu. Naye ni Toader Prisăcaru.

Toader alikuwa msaidizi wake wa kwanza wa kamera tangu mwaka sabini na tatu. Corneliu alitaja namba, Toader aliizungusha kwenye lenzi: namba ndogo, tundu pana, mwanga mwingi; namba kubwa, tundu finyu, mwanga haba. Ndiyo kazi yake hiyo, pamoja na kupima umbali kwa utepe na kufuta vumbi. Corneliu ndiye aliyewasimamia Toader na mkewe Aneta kanisani, akawashikia mishumaa, na kwa Waromania msimamizi wa ndoa si mtu wa siku moja. Unampelekea mkate wa sikukuu mpaka azikwe. Toader alimpelekea miaka thelathini bila kukosa. Mbele ya watu alimwita Mkuu, na wakiwa wawili alimwita Nelu.

Hata hivyo, kikulacho ki nguoni mwako.

Maana kulikuwa na jambo la zamani. Mwaka themanini na tatu Corneliu aliitwa Italia kupiga filamu, sanduku likafungwa, na siku mbili kabla ya safari akanyimwa pasipoti. Mtu wa ofisi alimwambia, huku akitabasamu, kwamba kuna aliyeandika kuwa akitoka hatarudi. "Mtu wa karibu," alisema, kama anayempa zawadi. Sasa ulikuwa mwaka elfu mbili na nne, majalada ya wakati ule yamefunguliwa, magazeti yanachapa majina ya waliokuwa wakiandika habari za rafiki zao, na yeyote angeweza kuomba jalada lake akasome. Corneliu hakuwa ameomba. Alisema hana muda. Ukweli ni kwamba aliogopa.

Tena Toader alikuwa na daftari. Dogo, jalada jeusi, liliingia mfuko wa kifuani. Kila picha ikimalizika aliligeuzia watu mgongo akaandika kitu. Mwanzo wa wiki ile Corneliu alimwona mezani na Răzvan, wanakunywa kahawa, daftari liko katikati. Alipokaribia, likarudi mfukoni.

Jumanne aliweka mtego. Akanyoosha kiganja, akataja mbili-nane. Toader akaitikia, "Mbili-nane, Mkuu," mkono ukaenda kwenye lenzi. Picha ikapigwa. Odile akaridhika, watu wakaenda kula. Toader alikuwa wa mbele kwenye foleni ya supu ya utumbo, anaomba waongeze siki na vitunguu saumu. Corneliu akavaa miwani, akainamia kamera, akasoma. Tano-sita. Tundu lilikuwa limebanwa hatua mbili, na kila hatua hukata nusu ya mwanga. Robo tatu ya mwanga wake ilikuwa imeibwa.

Alikaa juu ya sanduku la kamera. Hakuwa na hasira bado. Alihisi baridi, kama siku ile ya pasipoti.

Kesho yake akaiba daftari. Ndiyo, aliiba, mtu mzima mwenye tuzo ukutani. Koti la Toader lilikuwa limetundikwa kwenye kiti, naye akatia mkono. Alilisoma chooni, mlango umekomewa. Mistari ilipangwa vizuri: tarehe, picha ya ngapi, kisha namba mbili. Ya kushoto chini ya herufi N, ya kulia chini ya T. N mbili-nane, T tano-sita. N nne, T nane. Kurasa na kurasa za mwezi ule, kwa mwandiko mdogo wa mtu asiye na haraka. Hujuma nzima imeorodheshwa.

Mtu mwenye akili angejiuliza ni mwizi gani anayeandika alichoiba. Corneliu alijiuliza, na jibu lilimjia upesi: yule anayetakiwa kupeleka ripoti. Katika nchi ile wabaya ndio walioweka kumbukumbu vizuri kuliko watu wote. Basi Răzvan anataka kumpa kazi ya Ureno mtu wake, na Toader amenunuliwa. Hakufungua kurasa za mwanzo. Aliyeshapata anachokitafuta haendelei kutafuta.

Alikwenda moja kwa moja kwa Răzvan. "Mimi au yeye," alisema.

Răzvan aliweka simu mezani. "Maestro, mzee Toader? Lakini Toader ndiye..." Akasita. "Una hakika?"

"Ndiye nini? Malizia."

"Hakuna, Maestro. Utakavyo."

Sentensi ile iliyokatwa ilimtosha kama ushahidi mwingine.

Toader alipoambiwa hakubisha. Alikunja utepe wake wa kupimia, akafuta lenzi moja baada ya nyingine, akazilaza kwenye sanduku kama mtu anayelaza watoto. Kisha akavaa koti na kupapasa mfuko wa kifuani. Mkono ulikaa pale muda kidogo. Akamtazama Corneliu, na Corneliu akamkazia macho, akingoja aulize daftari liko wapi ili amjibu mbele ya watu wote.

"Mkuu," Toader akasema, "ile lenzi ya hamsini imelegea kidogo. Mwambie atakayekuja." Akaondoka. Mafundi umeme wakatazamana tena.

Alhamisi akaja Ilka, Mhungari mwenye adabu ya jeshi. Ukimwambia mbili-nane, ni mbili-nane. Siku hiyo walipiga picha ngumu kuliko zote, binti wa mfalme amesimama dirishani anasoma barua, jua la taa kubwa likiingia kutoka nje. Corneliu alinyoosha kiganja, akafumba macho nusu, akataja namba zake, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu hakuna aliyezigusa. Alifanya kazi kwa furaha. Hata aliimba kidogo. Ilka alimuuliza mara moja kama ana hakika, akamjibu kwamba amekuwa na hakika tangu mama yake Ilka hajaolewa.

Ijumaa alasiri wakaingia chumba cha maonyesho. Corneliu alikaa mbele safari hii. Picha ikatoka, naye akashusha pumzi. Hatimaye! Uso wa binti ulikuwa wa asubuhi, mapazia yalikuwa meupe, barua ilisomeka. Hivi ndivyo alivyoona kwa jicho lake, na hivi ndivyo ilivyokuwa ukutani. Alingoja makofi.

Badala yake Odile akauliza taratibu, "Corneliu, uso wake uko wapi?"

"Si huo hapo," akasema, akinyoosha kidole.

Akageuka kuona kama anataniwa. Chumba kilikuwa na giza, na mwanga wa ukuta uliwapiga watu usoni. Răzvan alikuwa ameweka kiganja juu ya nyusi, kama mtu aliyetoka nje saa sita mchana. Ilka alikuwa amekunja macho. Odile alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anakwepa. Wote walikuwa wanaumizwa na mwangaza, isipokuwa yeye peke yake. Na wote hawakuwa wanatazama picha tena, walikuwa wanamtazama yeye.

Alikaa hivyo mpaka filamu ikaisha. Aliaibika. Niseme nini tena? Aliaibika, akaogopa, kwa mpango huo.

Kwenye gari, nje ya studio, alitoa daftari akalisoma safari hii kutoka ukurasa wa kwanza. Lilianza miaka sita nyuma, jangwani. N nane, T nane. N kumi na moja, T kumi na moja. Kurasa nyingi namba mbili zilikuwa sawasawa, na alipoona vile akatamani zisiishe. Kisha N nane, T nane na nusu, na pembeni alama ya kuuliza. Kisha tena. Kule Kanada tofauti ilikuwa imekua. Filamu iliyompa sanamu ya fedha inayosimama juu ya kabati lake la vitabu ilichukua kurasa ishirini na nne, na hapakuwa na mstari hata mmoja ambao N na T zilifanana.

Aliinua macho kutazama taa ya barabarani. Ilikuwa na pete ya njano kuizunguka, kama taa zote, miaka yote hii.

Jumapili akaenda kwa Toader. Aneta alifungua mlango akiwa amevaa aproni.

"Pita, msimamizi wetu," alisema. "Lakini leo usiniombe nikuchekee."

Toader alikuwa uani, mikono imezama mpaka viwiko kwenye pipa, anapanga kabichi za majira ya baridi ndani ya maji ya chumvi. Hakuacha kazi. Corneliu akaweka daftari juu ya benchi.

"Umesoma?"

"Lote."

"Basi herufi ndogo bado unaziona. Si haba."

"Kwa nini hukuniambia, Toader? Miaka sita."

Toader aliigeuza kabichi moja, akaiminya ikae. "Unakumbuka mwaka sabini na sita? Ile mikanda ya filamu ya kiwanda cha serikali, kila shehena na ubaya wake? Nilitaka kuandika barua kwamba ni mbovu. Nani alinishika mkono? Wewe. Ukaniambia, Toader, ukisema watakuja watu na maswali. Wewe bana tundu, nyamaza, picha itoke nzuri. Nikabana, nikanyamaza. Umenifundisha mwenyewe, sasa unaniuliza."

"Ile ilikuwa ofisi ya serikali. Mimi ni msimamizi wako."

"Ndiyo maana. Msimamizi wa ndoa yako unamwambiaje kwamba haoni?"

Corneliu akashika ukingo wa pipa. Kisha akasema lile lililokuwa limemkaa kooni tangu Ijumaa. "Kubana nimekuelewa. Lakini kuandika? Ungenisitiri bila kuandika."

Hapo Toader akatoa mikono majini. Aliifuta polepole kwenye suruali, kidole kwa kidole, na uso ulimbadilika.

"Siku uliyopewa ile sanamu," alisema, "ulipanda jukwaani ukamshukuru marehemu mama yako kwa kukuzalia jicho. Mimi nilikuwa safu ya kumi na nne, na tai niliyoazimwa. Nilitaka siku moja mtu ajue, Nelu. Mimi nikishakufa, au wewe. Sasa hivi sikukusudia. Răzvan aligundua mwenyewe, akaniuliza, nikamwomba anyamaze."

"Kwa hiyo uliniwekea jalada."

"Nilikuwekea. Nimekiri. Lile la pasipoti si langu, walinihoji siku tatu na hawakupata kitu. Nenda kaombe usome, uache kunitazama hivyo tangu themanini na tatu."

Kumbe alijua. Miaka ishirini na moja alijua kwamba anashukiwa, na mkate wa sikukuu aliuleta vilevile. Corneliu akatazama chini.

Aneta, aliyekuwa anasikiliza dirishani bila kujificha, akasema kwamba mtoto wa jicho hukatwa siku hizi, mama yake mdogo alikatwa asubuhi na jioni akarudi kupika. Corneliu akasema anajua. Kukatwa si kazi, shemeji. Kazi ni kwamba kabla ya kukatwa lazima mtu aseme kwamba haoni.

"Rudi kesho," akamwambia Toader.

"Nitarudi. Lakini kimyakimya sibani tena. Ukitaja namba mbovu, nitataja yangu kwa sauti."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Corneliu aliondoka. Aneta alimfuata mpaka getini akamtia mkononi mfuko wenye kabichi mbili, maana hata ukiwa umemkasirikia msimamizi wako, humwachi atoke kwako mikono mitupu.

Jumatatu walirudia picha ya dirisha. Toader alikuwa mahali pake kando ya kamera, utepe shingoni. Ilka alikuwa amehamishiwa kamera ya pili. Odile alikuwa kwenye kiti chake na Răzvan amesimama nyuma yake. Hakuna aliyemuuliza Corneliu kwa nini mtu aliyemfukuza Jumatano yuko kazini Jumatatu. Walikuwa wanangoja tu, na seti yenye watu arobaini ikingoja unasikia hata waya zikinguruma.

Akanyoosha kiganja. Akafumba macho nusu. Mwanga ulionekana wa saa kumi na moja jioni, naye alijua sasa kwamba si kweli.

"Mbili-nane," akasema.

Mkono wa Toader ulikwenda kwenye lenzi ukakaa pale. Haukuzungusha. Akamtazama Corneliu, na Corneliu akafahamu kwamba Toader naye ameogopa; kwamba akipewa ishara ndogo tu, hata ya nyusi, atabana kimya kama zamani, na kazi ya Ureno itabaki yake.

Corneliu akakohoa. "Toader, wewe unaona ngapi?"

Fundi mmoja aliyekuwa anapanda ngazi akasimama katikati.

"Tano-sita, Mkuu," Toader akasema kwa sauti ya chini.

"Sema wasikie."

"Tano-sita!"

"Weka yako. Na leo yote, weka zako." Kisha akamgeukia Odile. "Macho yangu yana mtoto wa jicho. Nadhani ni miaka sita sasa. Zile picha ulizozisifu alizipima huyu hapa. Taa ni zangu, tundu ni lake."

Odile akaitikia kwa kichwa, akavuta kiti chake karibu na kamera. Nyuma yake Răzvan alitoa simu mfukoni na kuelekea mlangoni, akitembea kwa ncha za viatu. Corneliu alimfuata kwa macho mpaka mlango ukafungwa. Alijua anawapigia wenye kazi ya Ureno, na alijua atakachosema.

"Kamera," akasema.

"Tayari, Nelu," Toader akajibu, mbele ya watu wote.